Kaa Aliyevunjwa Magando

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo imekataa kunitoka kichwani. Tulikuwa tumerudi mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kule Ilemela chini ya yale mawe makubwa, tunatandaza nyavu ili zikauke. Bibi Kabula akashuka na beseni lake, akasimama mbele yetu, akatumwagia kaa miguuni.

Bibi Kabula ndiye aliyekuwa anatupikia pale mwaloni. Alikuwa mjane, Mkerewe, mwembamba, sauti yake ndogo, lakini akisema jambo hata nahodha anashusha alichoshika. Alipika ugali na dagaa, siku nyingine sato, na kaa alipika kwa ajili yake mwenyewe na wateja wachache. Wengi wetu tulikuwa hatuli kaa. Huyu kaa wa ziwani si yule wa baharini anayesifiwa na watu waliofika Dar. Wetu ni mdogo, wa rangi ya udongo, anakaa kwenye nyufa za mawe na kwenye matope, na nyama yake unaitafuta kwa subira. Lakini Bibi akimchemsha na nyanya, kitunguu na pilipili, harufu inafika mpaka kwenye boti, na hata wale wanaomkataa wanageuza shingo.

Nikueleze kwanza tulichokuwa tunakifanya, maana vijana wa siku hizi hamjavuta nyavu. Kaa ni mharibifu. Samaki akinasa, kaa anakuja kumla, na akishashiba anakata nyuzi ili atoke. Kwa hiyo kambini kwetu kulikuwa na desturi: ukimkuta kaa kwenye wavu, unamvunja magando yote mawili, ile mikono yake ya kubania, halafu unamtupa majini akiwa hai. Hakuna aliyemuua. Wazee tuliowakuta kwenye boti walifanya hivyo, nasi tukafanya. Tulijiona tuna huruma, kwa sababu tulimrudisha kwao.

Basi asubuhi ile Bibi Kabula akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Deusi, hakuwahi kukosa neno. Akasema, "Bibi, hao ni wezi wa nyavu. Tumewahukumu."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Aliokota kaa mmoja, akamfungua gamba kwa kidole gumba, akatuonyesha ndani. Mlikuwa na maji tu.

"Nimewaokota kule kwenye matete," alisema. "Wote wako hivi. Hana mkono wa kupeleka chakula mdomoni. Amekaa na njaa ndani ya ziwa lililojaa chakula. Ukimtaka, mlete nimpike. Humtaki, mwache aende mzima. Hii ya katikati mmefundishwa na nani?"

Deusi akatafuta njia ya kutokea. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Bado hujanijibu."

Akawakusanya kaa wake, akapanda juu jikoni. Deusi alimsubiri afike mbali ndipo akasema yule bibi ana uchungu wa biashara. Tukaendelea na nyavu. Mtu mmoja tu hakuendelea, kaka yangu Masalu. Alibaki ameinama, anatazama pale kaa walipokuwa wamemwagwa.

Masalu alikuwa mkubwa kwangu. Baba alituacha wadogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, kufunga fundo, na kukaa kimya nahodha akiwa na hasira, ingawa hilo la mwisho nililijua tangu kuzaliwa. Mimi nilikuwa na aibu sana. Nilimaliza la saba, nikaingia kwenye boti, na kuna watu mwaloni waliodhani kwa mwezi mzima kwamba mimi ni bubu. Masalu ndiye aliyenisemea.

Naye alikuwa na kipaji. Alichora boti. Matajiri, maana kwetu mwenye boti anaitwa tajiri hata kama ana boti moja mbovu, walimwita awachoree simba, tai, jina la timu, jina la mama. Boti ya tajiri wetu, Mzee Magesa, aliichorea kaa pale mbele, kaa mkubwa mwekundu, magando yamefunguka kama anataka kulikumbatia ziwa lote. Tajiri alishangaa, akasema, "Kaa? Watu watanicheka." Masalu akamwambia, "Tajiri, simba hajui kuogelea." Ikawa hivyo. Mwalo mzima wakaiita ile boti Kaa, na wachuuzi waliitambua kabla haijafika nusu ya njia.

Alipenda kuwatazama wale wadudu. Siku moja alifunua jiwe akanionyesha kaa jike, akamfungua kifuniko cha tumbo polepole. Ndani mlikuwa na watoto, wadogo kama punje za mtama, wameshikana, wana magando yao tayari. "Ona," alinong'ona, "anatembea nao mpaka waweze." Akamrudisha na jiwe akalilaza kama anamfunika mgonjwa shuka.

Baada ya maneno ya Bibi Kabula, Masalu hakuvunja kaa tena. Aliwaweka kwenye ndoo wakiwa wazima, akampelekea Bibi. Wenzetu wakamwita mume wa Bibi Kabula. Yeye alicheka nao. Sisi wengine tuliendelea na desturi yetu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja ziwa lilikuwa limechafuka, na boti ya kukusanya samaki ikaja kutufuata hukohuko majini. Tuliwapa sangara wetu boti zikiwa zimesogezwa ubavu kwa ubavu. Wimbi likaziachanisha, kisha likazirudisha. Mkono wa kulia wa Masalu ulikuwa katikati. Sitakueleza mlio. Nilimfunga kwa shati langu, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama nyavu zimeingizwa zote.

Hospitalini walimwondoa vidole vyote vinne. Kikabaki kidole gumba peke yake.

Tajiri Magesa hakuwa mtu mbaya, mwanangu, hilo uliweke moyoni. Alilipia hospitali. Alikuja nyumbani kwetu kilimani na mchele na sukari, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai ya mama. Kila akitaka kusema, alitazama ile bandeji, akarudi kwenye kikombe. Mwishowe akasimama, akamshika Masalu bega.

"Wewe pona kwanza," alisema. "Mkono ukikaa sawa, nitakuita."

"Nitarudi kwenye boti, Tajiri?"

"Nitakuita, Masalu. Kaa na simu yako karibu."

Mama alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Nami nilishukuru.

Mkono ukapona. Masalu akaanza kusubiri. Nyumbani kwetu mtandao ulikuwa wa shida, kwa hiyo kila asubuhi alipanda kwenye jiwe lililo juu ya nyumba, akakaa huko na simu mapajani. Mvua ikinyesha aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akabaki palepale. Simu ikiita aliipokea kabla mlio haujaisha, na ilikuwa shangazi, au mtu aliyekosea namba.

Mimi niliendelea kwenye boti ileile. Mahali pa Masalu alikuwa amewekwa kijana kutoka Magu, imara, mcheshi. Aliwekwa wiki ileile ya ajali. Nilipomwambia Masalu, alisema, "Huyo ni wa kushikilia tu."

Mjomba wetu alikuwa na karakana ya baiskeli Igoma, kwenye barabara ya Musoma. Akaja mwenyewe. "Njoo ukae na mimi," alimwambia. "Mkono mmoja na dole gumba vinatosha kupokea wateja na kuziba pancha. Nitakufundisha polepole." Masalu alimshukuru kwa adabu zote. Akasema, "Mjomba, nikienda Igoma, Tajiri akiniita atanikosa." Mjomba akasubiri, akauliza tena, akasubiri. Ilipofika wakati alihitaji mtu, akamchukua mwingine.

Kulikuwa na binti pia, Nyanjige, wa kulekule Ilemela. Walikuwa wameshasemeshana na wazazi wameshajua. Alimjia Masalu juu ya jiwe, nami nilikuwa napita chini na ndoo, nikasikia.

"Utasubiri mpaka lini?"

"Hawezi kunisahau. Nimemchorea boti."

"Masalu, mimi sijaolewa na boti."

Alicheka, na Nyanjige naye akacheka, wakacheka pamoja kama zamani. Lakini mwaka uliofuata Nyanjige alipata mchumba Sengerema, na hakuna aliyemlaumu.

Jaribio moja alilifanya, nalo lilimuumiza kuliko ajali. Rangi ya ile boti ilikuwa imeanza kubabuka, na Masalu akashuka mwaloni na kopo la rangi nyekundu bila kuitwa, akaanza kumchora upya yule kaa kwa mkono wa kushoto. Alifanya kazi tangu asubuhi. Gando moja likawa kubwa, jingine likawa limekunjamana, macho yakatazama pande mbili. Deusi akapita, akasema, "Fundi, kaa wako amekunywa gongo!" Watu wakaangua kicheko. Deusi hakuwa na ubaya, mdomo tu. Tajiri alikuwepo. Aliikuta ile picha, akaitazama kwa muda, akasema, "Sawa, sawa. Uzoeshe mkono huo, nitakuita." Kisha akaagiza wapake rangi ya bluu juu yake. Wakapaka Masalu akiwa bado anapanda kilima. Aligeuka mara moja akaona.

Siku hiyo nilifanya kitu ambacho watu walionijua hawakukitegemea. Nilimfuata Tajiri nikamwambia mbele ya wenzangu, "Tajiri, shikamoo. Kama hutamchukua kaka yangu, mwambie." Alinijibu kwa upole, "Wewe mdogo wake, usiwe na haraka. Nimeshasema nitamwita." Mtu akikufokea unajua pa kusimama. Akikujibu kwa upole hivyo unabaki umeshika hewa.

Nilipanda nikamweleza Masalu. "Kaka, hatakuita. Mahali pako palishajazwa."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeota ndoto. "Tajiri hajasema hivyo," alisema. "Akisema yeye, nitashuka."

Bibi Kabula ndiye aliyenisaidia kuona. Nilikwenda jikoni kwake jioni moja, akaniwekea supu ya kaa bila kuniuliza kama naila. Nikala. Akasema, akichochea moto, "Kaka yako ana uzito kiasi gani siku hizi?"

"Amepungua, Bibi."

"Ningeshangaa angenenepa. Wamemvunja, halafu wamemrudisha majini, na wanajisifu kwamba wamemwacha hai." Akanijazia bakuli tena. "Tajiri angemfukuza siku ileile, kaka yako angelia, angemtukana, halafu angekwenda Igoma. Ana miguu. Ana akili. Wamemwachia kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuondoka."

Nililala na hayo maneno, na bado nalala nayo.

Miaka ikapita, mwanangu. Siwezi kuipamba. Mama alifariki, Mjomba akafariki, Bibi Kabula akarudi Ukerewe, akafia huko. Mimi niliacha uvuvi, nikaoa, ukazaliwa wewe. Masalu tulihama naye. Baba yako mkubwa unayemjua, anayekaa kwenye kiti mlangoni na kuitikia salamu kwa kichwa, ndiye huyo. Wewe ulimkuta hivyo, ukadhani alizaliwa hivyo. Alifanya vibarua vya hapa na pale, kulinda duka, kuchota maji, na kila alichokifanya alikifanya kama mtu aliyeegemea ukuta kwa muda tu. Simu alizibadilisha zikiharibika. Namba hakuibadilisha.

Mwaka ule wewe ulipokuwa sekondari nilisikia Mzee Magesa anaumwa. Nikaenda kumjulia hali kwake Igogo. Sukari ilikuwa imemla mguu mmoja. Boti alishaziuza zote. Tuliongea habari za zamani, akafurahi, akawataja watu kwa majina. Ndipo nikamuuliza.

"Tajiri, Masalu ulikusudia kumwita kweli?"

"Masalu yupi?"

Nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, nikikunja vidole vinne.

"Ahaa, yule mchoraji." Akatikisa kichwa. "Maskini. Yuko wapi siku hizi?"

"Anakusubiri umwite."

Alidhani natania. Alipoona sicheki, naye akaacha kutabasamu. Tukakaa. Nje mjukuu wake alikuwa anapiga mpira ukutani.

"Niliona vibaya kumfukuza mtu mwenye bandeji," alisema mwishowe. "Nilisema vile ili nipate njia ya kuondoka. Nilijua ataelewa. Watu wote wanaelewa."

"Yeye hakuelewa hivyo. Alikuamini."

Akafunika uso kwa kiganja. Mimi, yule wa aibu, nikatoa simu yangu nikampa. Nikamwambia, "Mimi nilishamwambia zamani. Hakunisikia, kwa sababu neno halikuwa langu. Naomba umpigie."

Nilibonyeza namba, nikamshikia simu sikioni. Iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Masalu, ni mimi Magesa. Tajiri wako."

Nilisikia sauti ya kaka yangu kwenye simu, na, mwanangu, ilikuwa sauti ya kijana. "Tajiri! Shikamoo, Tajiri!"

"Marahaba. Masalu, nilikwambia nitakuita."

"Ndiyo, Tajiri. Niko tayari."

Mzee alifumba macho. "Sikuwa na nafasi. Hata siku ile sikuwa nayo. Niliogopa kukwambia. Nisamehe, mwanangu."

Nilisikia kuku wetu wakilia kule nyumbani. Kisha Masalu akasema, taratibu, kama anayemshukuru mtu kwa kumpisha njiani, "Asante kwa kunipigia, Tajiri. Ugua pole." Akakata.

Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake mlangoni. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mjomba bado ana ile karakana ya Igoma?" aliuliza.

Mjomba tulimzika sote wawili. Masalu alishika jeneza kwa mkono wake wa kushoto. Pale palipokuwa na karakana sasa kuna duka la dawa, na tumepita mbele yake mara nyingi tukienda mjini. Alijua. Nilimjibu, "Hapana, kaka. Mjomba hayupo." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ni kweli," akainuka, akaingia ndani kulala, jua likiwa bado juu.

Ninaandika haya polepole, kwa sababu kalamu sijaizoea na kwa sababu sipendi kukukosea. Juzi nilikuja kwenye karakana yako ya kuchomelea. Hukuniona nilipokuwa nimesimama kwenye kivuli cha lori. Alikuja kijana kuomba kazi, amevaa shati lililopigwa pasi, na ulimsikiliza vizuri, ukamwambia, "Acha namba yako, nitakuita." Alipoondoka, ile karatasi uliifutia mikono. Najua hukuwa na nia mbaya. Ulitaka aondoke bila kuumia. Lakini yule kijana alipofika barabarani alitembea kama mtu aliyepata kazi. Nilimwona.

Nasaha yangu ni hii. Kama huna nafasi, mwambie mtu huna, mwambie usoni, na umwambie leo. Ataumia, atakuchukia njia nzima hadi kwao, na kesho ataamka atafute pengine. Ukiahidi kumwita, mwite. Ukiona ahadi imekushinda, rudi wewe mwenyewe ukaiondoe, usimtume mdogo wake, usimwachie mwenzako, maana neno lako hakuna mwingine anayeweza kulifungua. Na aliyeumia akikufanyia kazi wewe, usimpe maneno laini badala ya mahali pa kukaa. Tafuta chochote anachoweza kushika kwa kilichobaki, umpe. Kikikosekana kabisa, mwachie aende, na uhakikishe amesikia kwamba ameachiwa.

Nenda kamtafute yule kijana. Wale mafundi wenzako watajua anakotoka.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na asikunyime riziki ya kugawa. Akupe ulimi usioogopa kumuumiza mtu kwa kweli fupi. Na siku utakapokuwa umeshindwa, kwa sababu utashindwa kama sisi sote, akupe miguu ya kurudi kusema, kabla mtu hajazeeka akikusubiri.

Amina.